Pistoni za 4032 ama 2618 kwa Subaru ya tabo (turbo)?

Swali hili haliishi, haswa kwa wenye EJ25, injini ya Subaru ya lita 2.5, ambayo pistoni zake za kiwandani zajulikana kwa kukatika pale baina ya ringi. Namba hizo ni aina mbili za aloi ya alumini. Zote mbili ni za kufuliwa (forged, yaani kugandamizwa kwa nguvu), tofauti ni silikoni: 4032 ina kama asilimia 12, 2618 haifiki hata 1.

Sasa silikoni ndo inafanya 4032 isitanuke sana ikipata moto, kwa hivyo fundi anaiacha nafasi ndogo kwenye silinda na injini inakuwa kimya. 2618 inatanuka zaidi, inataka nafasi kubwa, ndo maana asubuhi inagonga mpaka ipate moto. Jamaa yangu Changamwe siku ya kwanza alizima gari mbio, tok tok tok kama mtu abisha mlango kwa sarafu, kumbe ni kawaida yake. Na oili pia yaweza kula kidogo, uwe wapima.

Lakini injini ikianza kunoki (mafuta kujilipukia ovyo ndani ya silinda) kwa mafuta mabaya ama tuning ya kubahatisha, 2618 inavumilia pale ambapo 4032 yaweza pasuka. Hapo haina mpinzani.

Bei ya pistoni isikusumbue sana, pesa zinaishia kwa kuboa silinda, gaskiti na ushuru wa bandarini.

Kama gari ni ya kazini kila siku na foleni ya feri Likoni, busti (presha ya tabo) ya wastani, 4032 yatosha. Wataka tabo kubwa na mbio za wikendi, funga 2618 uzoee kelele.