Breki za Subaru Impreza WRX kwa Mbio za Sakiti: Kipi Kinunuliwe Kwanza na Kipi Kisubiri

Mtu anayemiliki Subaru Impreza WRX, ambaye ameanza kuipeleka kwenye sakiti au kwenye mashindano ya kukimbizana na saa katika barabara iliyofungwa, karibu kila mara huulizia kwanza kalipa kubwa za Brembo, yaani vishikio vyenye pistoni vinavyobana pedi kwenye diski, kwa kuwa ndizo zinazoonekana kupitia ringi. Mwongozo huu unayapanga manunuzi kwa utaratibu mwingine. Kinachotangulia ni kile ambacho joto hukishinda mapema zaidi, na kwa kipimo hicho kalipa huangukia karibu na mwisho.

Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na dereva, likipunguza mwendo kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 72 kabla ya kuingia kona, hulazimika kutoa nishati ya takriban megajuli 1.6 ndani ya sekunde tatu au nne. Nishati hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita nne za maji ya kawaida ya bombani, na sehemu yake kubwa hubebwa na diski mbili za mbele, kwa sababu uzito wa gari huegemea mbele wakati wa kufunga breki. Barabarani tukio kama hilo hutokea mara moja, kisha diski hupoa. Kwenye sakiti hurudiwa mara kadhaa katika kila mzunguko. Mahali kama Yas Marina, Abu Dhabi, ambako sehemu mbili ndefu zilizonyooka zinafuatana na hewa yenyewe ni ya moto, diski hufika kwenye kona ya pili ikiwa bado haijapoa kutoka kona ya kwanza.

Kabla ya kutoa pesa, ni lazima mwenye gari ajue breki zake zinashindwa kwa namna gani, kwa maana kuna namna mbili ambazo tiba zake ni tofauti kabisa. Pedali ikilegea, ikawa laini na kuzama kuelekea sakafuni, mafuta ya breki yamechemka na kutoa mvuke, na mvuke hukandamizika wakati mafuta hayakandamiziki. Pedali ikibaki ngumu na juu kama kawaida, lakini gari halipungui mwendo hata dereva akikanyaga kwa nguvu zote, pedi ndizo zilizopita kiwango chake cha joto. Ipo pia hali ya tatu ambayo si hitilafu ya breki: ikiwa ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, inaanza kufanya kazi mapema na bila shida, breki tayari zina nguvu ya kuushinda mshiko wa tairi, na umbali wa kusimama hautapungua kwa kalipa yoyote ile. Hapo pesa ziende kwenye tairi.

Nafasi ya kwanza, bila ushindani, naipa mafuta ya breki. Viwango vya Marekani vinataka mafuta ya DOT 4 yachemke kwa nyuzi za Selsiasi zisizopungua 230 yakiwa mapya, na 155 yakiwa yamefyonza maji. Kwa DOT 5.1 viwango hivyo ni 260 na 180. Mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbio, kama vile Motul RBF 600 au Castrol SRF, huvuka nyuzi 300 yakiwa mapya, na SRF inasifika kwa sababu hubaki na kiwango cha juu hata baada ya kufyonza unyevu. Kufyonza unyevu ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hawalipi uzito unaostahili. Mafuta haya huvuta maji kutoka hewani hata gari likiwa limeegeshwa, kwa hiyo mwenye gari anayeishi Mombasa, Zanzibar au Muscat anapaswa kuyabadilisha mara nyingi zaidi kuliko anayeishi katika nchi kavu ya bara, na chupa iliyofunguliwa miezi kadhaa iliyopita haifai tena kwa sakiti. Mnunuzi asidanganywe na namba akachukua DOT 5 kwa kudhani ni bora kuliko DOT 4, kwa kuwa hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na mafuta mengine na haikukusudiwa kwa mfumo huu. Chupa mbili za mafuta mazuri, pamoja na fundi anayejua kutoa hewa kwenye kalipa zote nne kwa uangalifu, hugharimu kidogo kuliko kitu kingine chochote katika orodha hii, na huondoa hatari iliyo kubwa kuliko zote, yaani kukanyaga pedali na kukuta hakuna kitu.

Pedi ndizo zinazofuata, na hapa inafaa kununua kwa utulivu. Pedi ya kawaida ya barabarani hutengenezwa iwe kimya, isitoe vumbi jingi na ishike vizuri asubuhi gari likiwa baridi; ikipata joto kali la sakiti, gundi inayoshikanisha malighafi yake huanza kutoa gesi na mshiko hupotea. Pedi ya mbio kamili ina tabia iliyo kinyume: hushika vizuri ikiwa ya moto sana, lakini ikiwa baridi hushika vibaya, hupiga kelele na hula diski, kwa hiyo kuendesha gari mjini na pedi za namna hiyo ni hatari halisi. Kwa WRX inayotumika kazini siku za wiki na kwenye sakiti mara chache, napendekeza pedi ya kati kama Ferodo DS2500, ambayo hukubali kuanza ikiwa baridi na hustahimili mizunguko kadhaa ya kasi mradi dereva aipe muda wa kupoa. Anayekwenda sakiti mara kwa mara, na ambaye mwendo wake umeshapanda, anunue seti ya pili ya pedi za mbio kutoka kwa watengenezaji kama Pagid, Hawk au Endless, awe anazifunga siku ya mbio na kuzifungua akirudi nyumbani. Ni kazi ya muda mfupi kwa anayejua kushika spana.

Pedi mpya, hata ziwe ghali kiasi gani, hazifai kitu kabla ya kuzoeshwa. Dereva afunge breki kwa nguvu mara nane hadi kumi kutoka mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa hadi 20, bila kusimama kabisa, kisha aendeshe taratibu bila kugusa pedali mpaka zipoe, akifuata maelekezo ya mtengenezaji pale yanapotofautiana na haya. Kazi hiyo huacha utando mwembamba wa malighafi ya pedi juu ya diski. Utando usipokuwa sawa, usukani hutikisika, na mafundi wengi husema diski imepinda ilhali mara nyingi ni utando uliokaa vibaya. Kwa sababu hiyohiyo, dereva anayetoka sakiti breki zikiwa za moto asisimame huku akikandamiza pedali wala asivute breki ya mkono.

Kupoza breki nakuweka nafasi ya tatu, mbele ya diski mpya, ingawa najua wauzaji wengi wa spea hawatakubaliana nami. Bomba la mpira linalostahimili joto, lenye kipenyo cha milimita 75 hivi, likichukua hewa kwenye bampa la mbele na kuielekeza katikati ya diski ili ipite kwenye matundu yake ya ndani, huondoa joto lenyewe badala ya kununua tu kitu cha kulistahimili. Lazima hewa ifike katikati. Ikipulizwa upande mmoja tu wa diski, upande huo hupoa kuliko mwingine na diski huweza kupasuka.

Diski zenyewe zikifika wakati wa kubadilishwa, chagua za chuma cha kutupwa zilizo nzito kadiri kalipa inavyoruhusu, zenye uso mtupu au zenye mifereji michache. Uzito wa diski ndio hifadhi ya joto. Zile zenye matundu yaliyotobolewa huvutia macho, lakini kwenye sakiti nyufa huanzia kwenye matundu hayo, na kwa gari hili sioni sababu ya kuzinunua. Nyufa ndogondogo za joto juu ya uso wa diski ni za kawaida. Ufa uliofika ukingoni unamaanisha diski itupwe siku hiyohiyo, na vivyo hivyo diski iliyokwisha kupita unene wa chini uliochapwa juu yake.

Mipira ya breki iliyozungushiwa nyaya za chuma hufanya pedali iwe thabiti zaidi chini ya mguu. Haipunguzi joto wala umbali wa kusimama. Inunuliwe pale mipira ya zamani inapohitaji kubadilishwa.

Sasa zinakuja kalipa. WRX nyingi za kuanzia mwaka 2000 hadi 2007 zina diski za mbele za milimita 294 hivi, wakati STI, toleo la Impreza lenye nguvu zaidi, ikiwa na Brembo ina za milimita 326 mbele, kalipa zikiwa na pistoni nne, na 316 nyuma zenye pistoni mbili. Kuhamishia breki za STI kwenye WRX ni njia nzuri kwa mtu ambaye ameshabadilisha mafuta, pedi na njia ya hewa na bado anakuta joto linamshinda, kwa kuwa diski kubwa hubeba joto jingi zaidi. Lakini aangalie mambo matatu kabla ya kulipa. Ringi ziwe za inchi 17 au zaidi, na hata hizo zijaribiwe, kwa maana si kila ringi ya inchi 17 hupisha kalipa hiyo. STI ilihama kutoka mpangilio wa boliti wa 5x100 (boliti tano katika duara la milimita 100) kwenda 5x114.3 mwaka 2005, kwa hiyo diski za STI ya baadaye hazitaingia kwenye habu za WRX. Nyuma, ngoma ya breki ya mkono iliyo ndani ya diski ni ya milimita 170 kwenye WRX nyingi na 190 kwenye STI, jambo linalofanya kazi ya nyuma iwe kubwa kuliko muuzaji anavyoeleza.

Wapo wanaokwepa kazi hiyo kwa kubadilisha breki za mbele peke yake. Hilo sishauri lifanywe bila hesabu, kwani pistoni kubwa za mbele zikiongezwa bila kugusa za nyuma, tairi za mbele hufika kikomo mapema huku za nyuma zikibaki bila kazi ya kutosha, na umbali wa kusimama unaweza hata kuongezeka. Seti kamili kutoka AP Racing, Alcon au StopTech, iliyopimwa mahususi kwa gari hili, hutatua tatizo la uwiano na mara nyingi hupunguza uzito, ila bei yake ina maana kwa anayeshindana kwa dhati na ambaye tairi zake zimeshafika kiwango hicho.

Kalipa zilizotumika zikaguliwe zikiwa zimefunguliwa: mipira ya vumbi isiwe imeungua, pistoni ziingie kwa mkono bila kukwama, na nyuzi za boliti ziwe nzima. Kalipa bandia zenye jina la Brembo zinauzwa waziwazi, na bei iliyo chini mno kuliko ya mitumba halisi ni sababu tosha ya kuondoka dukani. Vifuniko vya plastiki vinavyobandikwa juu ya kalipa za kawaida ili zifanane na za Brembo visifungwe kabisa kwenye gari la sakiti, kwa kuwa huzuia hewa pale inapohitajika zaidi.