Uzoefu wangu na fundi wa cherehani Kibuye: sijui nimsifu au nimshtaki

Jina lake silitaji, sina nguvu za kesi. Wanaonunua spea za cherehani upande wa jua kali pale soko la Kibuye, Kisumu, watamjua tu kwa mdomo wake.

Mashine yenyewe ni ya shangazi yangu wa Molo, Singer ndogo nyeusi ya kuzungusha kwa mkono. Ilinifikia Kisumu ikiwa vipande, mwili ndani ya gunia, nati na skrubu zote ndani ya mkebe wa Kimbo. Binamu yangu ndiye aliyeifungua akitaka kuipaka rangi, mara akaitwa kazini Nairobi. Rangi hakupaka, na kuifunga hakuifunga.

Hata gunia sijalitua chini vizuri, fundi akasema, "Hiyo ni Butterfly, mathe. Wamebandika tu jina la Singer." Nikamwambia hapana. Akamgeukia kijana wake, wakacheka wote wawili, kisha akaongeza kwamba akina mama wanajua kushona, mambo ya chuma wawaachie wenyewe.

Sasa Butterfly mimi naijua, nimeshonea sare za shule juu yake hadi nikachoka. Zile nyeusi za Kichina zilifuata umbo la modeli ya Singer 15. Bobini yake, kile kigurudumu cha uzi wa chini, husimama wima ndani ya kikasha unachokichomeka kutoka upande wa kushoto, chini ya sindano. Ya shangazi ukivuta kile kibati cha kuteleza, bobini inalala chali, unaidondosha tu ndani. Kwa umbo hilo ni ama Singer 66 ama mdogo wake 99, ambayo ni kama robo tatu ya ile kubwa, na hii yangu ni ndogo. Hata bobini zenyewe hazifanani: za 15 ni bapa, za hizi zimetuna kidogo usoni.

Halafu kuna namba. Iko kulia, juu ya kitako, imepigwa kwenye chuma, nayo inaanza na herufi mbili, ya kwanza ikiwa E. Hizo zilitoka kiwanda cha Clydebank kule Uskoti, mahali ambapo kiwanda kilifungwa 1980 lakini stesheni ya treni inaitwa Singer mpaka leo. Na beji yake ya shaba imezungukwa na ukanda wa buluu ulioandikwa 1851 na 1951, beji ya kuadhimisha miaka mia ya kampuni ya Singer. Basi ni 99K, ile K ikiwa ya Kilbowie, jina la kiwanda chenyewe. Yote haya nilimwonyesha kwa kidole, kitu kimoja kimoja, nikimfutia vumbi na leso yangu. Jibu lake? Alitoa kikasha cha bobini cha Butterfly kwenye droo akataka kuniuzia.

Nilimwachia arbuni nikaondoka nikiwa na hasira, kwa sababu mwingine wa kumpelekea sikumjua.

Nilipoitwa kuichukua, nikiri kwamba ilikuwa inang'aa. Ameiosha kwa mafuta ya taa, ameitia oili, mkono unazunguka bila kelele hata kidogo. Nikasema wacha nijaze bobini nione. Nikalegeza ile nati kubwa ya katikati ya gurudumu ili sindano itulie, nikazungusha. Sindano ikaendelea kupanda na kushuka, chaka chaka chaka, kana kwamba sijalegeza kitu.

Nikamwambia. Akajibu bila kuinua macho: "Huo ni uzee, mathe. Hata wewe ukifika hapo utatetemeka."

Jamani! Nyuma ya ile nati kuna wosha nyembamba yenye masikio matatu nje na vijino viwili ndani. Ukiirudisha imegeuka, gurudumu halitaachia hata ulegeze vipi. Mtu yeyote aliyewahi kufungua Singer hukutana na hiyo wosha siku ya kwanza. Nikachukua bisibisi mezani pake, nikatoa kiskrubu kidogo, nikafungua nati, nikaizungusha wosha nusu duara, nikafunga. Sindano ikatulia, bobini ikajaa. Hakusema pole, hakusema asante. Alichukua simu akaanza kuongea na mtu kuhusu mambo ya bodaboda.

Kisha akaniandikia risiti. Kuosha na oili, sawa. Kufunga, sawa, ingawa kipande kimoja nilifunga mimi. Mstari wa mwisho: *Kutambua mashine, 300.*

Kutambua! Nani alitambua? Nilisoma ule mstari nikausoma tena. Mtu aliyeapa ni Butterfly ananitoza kwa kuniambia ni 99K, neno nililomfundisha mimi. Nilipouliza akasema utambuzi ni kazi kama kazi nyingine. Wingu la mvua lilikuwa limeshafunga upande wa ziwa, nikalipa kwa M-Pesa nikiwa natetemeka kweli, na si kwa uzee.

Ningeishia hapo, hii ingekuwa nyota moja, na hiyo moja ni ya oili.

Shida ni kwamba nilifika nyumbani nikashona. Nikainua mguu wa kukandamiza kitambaa ili nikitoe, na uzi ukalegea wenyewe. Ukaja laini, bila kuvutana na sindano. Nikakaa kimya kidogo, maana haikufaa kulegea. Kwenye tensheni, yaani kibano cha uzi wa juu, kuna kipini chembamba kinachopita katikati ya ule msumari wenye visahani viwili. Unapoinua mguu, kipini husukuma, visahani vinaachana. Kikikosekana, uzi unabanwa muda wote, na ukivuta kitambaa unapinda sindano. Binamu alikuwa ameshaniambia kwamba hicho kilidondoka kwenye nyasi kule Molo na hakikupatikana.

Nikafungua nati ya tensheni nichungulie. Kipini kipo, kinang'aa, ncha zimelainishwa vizuri kabisa. Nikampigia yule kijana wa fundi. "Ni spoki ya baiskeli, madam," akaniambia. "Mzee aliikata akakaa nayo na tupa mpaka tukafunga duka."

Nikaitazama risiti upya. Kipini hakimo, hata shilingi moja.

Sasa niwaambieje? Mtu huyu amenitoza kwa asichofanya, na alichofanya kwa ustadi ambao sijauona Kisumu nzima amenipa bure, wala hakukitaja. Angejisifu kidogo tu kuhusu ile spoki, ningemlipa hata mia tano huku nacheka. Mshono wa mashine hii sasa ni mdogo, umenyooka, juu na chini huwezi kutofautisha. Lakini kila nikikumbuka "uzee, mathe" nataka kurudi nikamdai zile mia tatu mbele ya wateja wake.

Jirani yangu ana overloki inayokata uzi kila baada ya shati moja. Tutaipeleka kwake wiki ijayo, ila safari hii risiti nitaiandika mimi.