Propela ya Canter kuukuu: karakana ya kereza ya Unga Limited inaweza, ila krosi nenda nazo mwenyewe

Canter au Isuzu ya miaka ya 1990 ikikatika propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma), mwenye gari Arusha ana njia mbili: atafute propela iliyotumika kwenye maduka ya spea kuukuu, au apeleke ya kwake ikatwe na kuwekewa bomba jipya. Njia ya kwanza ni ya haraka, lakini idadi ya meno (ya sehemu inayoteleza kuirefusha na kuifupisha propela), urefu na matundu ya flenji (sahani ya kufungia bolti) hutofautiana hata kwa magari yanayofanana kwa sura. Njia ya pili ndiyo kazi ya karakana hii ndogo ya Unga Limited, yenye mashine moja tu ya kereza. Uchomeleaji wao tunausifu. Spea wanazouza, hapana.

Cha kwanza kinachowatenga na wengine ni kwamba hawakati bomba kwa grainda. Weldi ya zamani hunyolewa kwenye mashine ya kereza mpaka yoki (kichwa chenye masikio mawili yanayoshika krosi, kiungo cha umbo la msalaba) itoke na kiti chake kikiwa kizima. Bomba jipya likikatwa, yoki huingia kwa kubana, hushikizwa kwa nukta nne zinazotazamana, kisha bomba huzungushwa chini ya geji ya saa. Likiyumba zaidi ya nusu milimita hunyooshwa kabla ya weldi kamili, na weldi yenyewe hupigwa vipande vifupi kwa kupokezana pande. Ukiizungusha weldi kwa mkupuo mmoja, moto hulivuta bomba, na propela iliyokuwa imenyooka saa nne asubuhi inakuwa upinde saa tano.

Urefu wanaupima gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki na difu inaning'inia. Hapa ndipo gereji nyingi huharibu. Propela ikiwa ndefu, mzigo ukipakiwa na springi zikashuka, meno hugota mwisho na beringi ya nyuma ya giaboksi ndiyo inayolipa. Ikiwa fupi, meno hushikana nchani tu, hulika upesi, na siku ya shimo kubwa hutoka kabisa.

Jambo jingine wanalolijali ni masikio ya yoki. Krosi ikiwa na pembe haizungushi kwa mwendo mmoja: kila mzunguko mmoja hukimbia mara mbili na kupungua mara mbili. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayofuta kasoro hiyo, na inaweza tu kama masikio ya pande zote mbili za kipande yamelala usawa mmoja. Ukirudisha meno ya kuteleza kwa kuruka hata jino moja, gari litatetema, na utabadilisha krosi mpya tatu bila kuona nafuu. Hapa alama ya tindo hupigwa kabla ya kufungua chochote. Kama ya kwako ilishafunguliwa kwingine bila alama, futa grisi uangalie: baadhi ya propela zina mishale ya kiwandani.

Upungufu wao mkubwa ni kwamba hawana mashine ya balansi. Kwa gari la kubeba mchanga au samadi pande za Kisongo, lenye propela ya vipande viwili na mwendo mdogo, hilo si tatizo. Kwa lori la safari ya Dar es Salaam, ulizia balansi kwingine kabla ya kulifunga, kwa sababu mtetemo wa mwendo wa 80 hula mpira wa senta beringi (inayoshikilia propela katikati) na sili ya nyuma ya giaboksi.

Sasa krosi. Za kwao hazina jina. Nunua GMB au Toyo dukani, ukiwa na krosi ya zamani mkononi na kalipa ya kupimia: kipenyo cha kikombe (kifuniko chenye visindano vya beringi kinachovaa kila ncha ya krosi) na urefu wa nje kwa nje. Usikubali "inakaribiana". Boksi liwe na sekilipu zote nne (pete za kuzuia vikombe visitoke) na nipo ya kupampia grisi.

Kuzifunga wanazifunga vizuri, kwa jiliwa na soketi badala ya nyundo. Sekilipu isipoingia kwenye mfereji wake, kwa kawaida kisindano kimoja kimeanguka chini ya kikombe. Kikombe kitolewe, kisindano kirudishwe. Fundi anayeongeza nyundo na kusema itakaa yenyewe ikishatembea anakuuzia safari ya kurudi. Krosi iliyokaa sawa huchezeka kwa mkono pande zote bila kukwama. Baada ya hapo pampu grisi mpaka ya rangi mpya itokee kwenye vikombe vyote vinne; kikombe kisichotoa ndicho kitakachokauka na kuanza kutoa unga mwekundu kama kutu.

Wakati wa kufungua propela barabarani, na hasa kwenye miteremko ya Sekei au Sakina, kumbuka kwamba Canter na Isuzu NPR nyingi za zamani zina hendibreki nyuma ya giaboksi. Propela ikikatika au ikifunguliwa, hendibreki haishiki magurudumu tena, na gia uliyoiacha ndani haisaidii kitu. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi kabla mtu hajaingia chini.

Bei hukadiriwa kwa kazi, na kukereza, bomba na kufunga hulipiwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo mkubaliane yote matatu mapema. Peleka propela nzima na flenji zake zote mbili, si kipande kilichokatika tu, pamoja na bolti mpya za flenji zenye alama ya uimara 8.8 au 10.9 kichwani, kwa sababu wao hurudisha zile zile za zamani.