Hedifoni za Gemu za Risasi: Ununue Ipi Kampala Ili Umsikie Adui Kabla Hujamwona

Ukicheza Call of Duty Mobile, PUBG Mobile au Valorant na kila raundi unapigwa kutoka nyuma, usikimbilie kulaumu vidole. Huenda masikio ndiyo hayapati habari. Vishindo vya miguu, mlio wa mtu anayejaza risasi, mlango unaofunguliwa chumba cha pili: gemu inakupa vyote, ila spika ya simu inavimeza. Nimepanga hapa aina tano, kuanzia ninayoiamini zaidi, nikimfikiria mchezaji wa Kampala ambaye jirani yake ana muziki, mvua inapiga mabati, na umeme unaweza kukatika mechi ikiwa katikati.

Ya kwanza ni iafoni za waya zinazoziba tundu la sikio. Tunatambua upande wa sauti kwa tofauti ndogo mno: kishindo cha kulia hulifikia sikio la kulia mapema, kwa muda usiofika hata milisekunde moja, tena kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo tafuta kulia na kushoto kunakolingana; besi ya kutikisa meno achia wa disko, maana ndiyo inayofunika vishindo. KZ EDX Pro na Moondrop Chu ni za bei nafuu na zinaifanya kazi hii vizuri ajabu. Chagua vipira vinavyokaza sikio lako. Kelele za nje zikizibwa hutalazimika kuongeza sauti, na hilo ni jambo kubwa: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na wengi wetu tunacheza kila usiku.

Ya pili, hedifoni ya waya inayofunika sikio lote, yenye maiki. HyperX Cloud II imekaa sokoni miaka mingi kwa sababu inastahili: haibani kichwa na maiki yake inasikika safi. Joto la Januari litakutoa jasho masikioni, hilo uvumilie. Kompyuta yako ikiwa na matundu mawili, moja la sauti na moja la maiki, ulizia waya wa kugawa. Maandishi ya 7.1 kwenye boksi, yaani ahadi ya sauti ya spika nane zinazokuzunguka, yasikupandishie bei. Ndani ya hedifoni nyingi za namna hiyo kuna spika mbili tu, moja kila upande. Zilizobaki ni hesabu za programu. Valorant na Counter-Strike 2 zina hesabu zake zenyewe, HRTF, zinazoiga jinsi masikio yanavyotambua sauti inakotoka, na ukiwasha hesabu za hedifoni na za gemu pamoja sauti inavurugika.

Ya tatu ni zisizo na waya zenye kipokezi kidogo cha USB cha 2.4 GHz. Ucheleweshaji wake ni mdogo sana, lakini bei iko juu na lazima uzichaji.

Ya nne ni hedifoni zilizo wazi kwa nyuma, kama Philips SHP9500. Sauti yake ni pana, unahisi uwanja wote umekuzunguka. Mwenye chumba kimya kabisa aipandishe hadi ya kwanza. Ukikaa karibu na stendi ya boda utasikia pikipiki kabla ya adui.

Ya mwisho ni Bluetooth, na hapa ndipo ninapoona vijana wakipoteza fedha. Sauti ya Bluetooth ya kawaida inaweza kuchelewa milisekunde 200. Adui anayekimbia mita 5 kwa sekunde atakuwa amesogea mita nzima kabla hujasikia hatua yake. Hali ya gemu (game mode) iliyomo kwenye baadhi ya hedifoni hizo inapunguza tatizo bila kulimaliza. Baya zaidi ni hili: ukiwasha maiki ya Bluetooth uongee na kikosi, mara nyingi simu huhamia kwenye mfumo wa kupiga simu, ambao sauti yake ni ya mono, yaani ile ile masikio yote mawili. Kulia na kushoto kunakuwa kitu kimoja, na tofauti hiyo ndiyo uliyoilipia. Kwa muziki kwenye teksi zinafaa sana. Simu yako ikiwa haina tundu la iafoni, nunua iafoni za waya za USB-C au adapta.

Kwenye maduka ya William Street, risiti nyingi zimeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na nakala bandia zimejaa. Niliwahi kununua iafoni ambazo kushoto kulilia kulia. Nilikaa wiki nzima nikigeukia ukuta. Nenda na simu yako, umepakua sauti ya kupima kulia na kushoto. Isikilize pale pale dukani, tikisa waya karibu na jeki na karibu na sikio, sauti isikatike. Muuzaji akikukataza kujaribu, ondoka.

Ukifika nyumbani fungua mipangilio ya ufikivu (Accessibility) kwenye simu: mono iwe imezimwa, kipimo cha kulia na kushoto kikae katikati kabisa. Kwenye gemu punguza muziki hadi sifuri. Kisha ingia uwanja wa mazoezi na mwenzako, fumba macho, akuzunguke akikimbia, nawe uelekeze bunduki anakotoka. Mpokezane hadi uanze kumpata.