Wakala wa vyuo vya nje: nyota mbili, na moja ni ya dada wa mapokezi

Huduma ni bure. Neno hilo ndilo lililonipandisha ghorofa tano kwa miguu, maana lifti ilikuwa mbovu mara zote nne nilizokwenda. Jina la ofisi nalihifadhi. Dar zipo nyingi, na zote zina bango la vijana waliovaa joho wakirusha kofia juu.

Mimi ni mhandisi kwenye mamlaka ya maji mkoani, nina mtoto wa miaka mitatu. Mwaka jana mwezi wa pili nilikuwa na barua mbili za udahili wa shahada ya uzamili, na wazo la tatu. Barua ya kwanza ilitoka chuo cha London chenye jina ambalo hata shangazi yangu wa Korogwe analijua: ada pauni 31,000, punguzo 4,000. Ya pili ilitoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, uhandisi wa maji, kwa ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, ule wa EPOS wa kozi za uzamili za maendeleo, ambao niliuomba mwenyewe usiku baada ya mtoto kulala. Wazo la tatu lilikuwa kubaki nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) wana uzamili wa usimamizi wa rasilimali za maji, na ningelipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara. London niliombewa na wakala huyu, kwa hiyo nikaona nimrudie anisaidie kuchagua.

Nianze na mema yao. Kwa karatasi, hawa watu wako vizuri. Insha yangu ya maombi waliipunguza kutoka kurasa nne hadi mbili na haikupoteza kitu. Walijua kipimo cha kifua kikuu cha viza ya Uingereza kinafanyika IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na si hospitali yoyote tu. Walijua fedha za kujikimu lazima zikae benki siku 28 mfululizo, na kwamba ukitoa hata ya nauli salio likashuka chini ya kiwango, unaanza kuhesabu upya. Mtu ambaye ameshaamua anakwenda wapi, na pesa anayo, atahudumiwa vizuri.

Shida ni pale unapouliza niende wapi.

Mshauri wangu, kijana mchangamfu wa suti ya bluu, alifungua kompyuta akanionyesha jedwali la vyuo bora duniani. London kule juu, Dresden unashuka, unashuka, ndiyo unaikuta. "Dada, London ni London," akasema. Nikamuuliza hiyo ni nafasi ya chuo kizima au ya idara ya maji. Akajibu chuo kikiwa juu, na idara zake ziko juu. Kaka yangu, tanki likijaa haina maana kila bomba linatoa maji. Waulize wateja wetu wa mlimani.

Akaniuliza nataka kuwa nani baada ya masomo, nikafurahi, nikadhani sasa tunaanza. Nikamweleza habari ya upotevu wa maji: mivujo, dira za maji zilizochakaa, watu waliojiunganishia usiku. EWURA, wadhibiti wa huduma za nishati na maji, wanataka upotevu usizidi asilimia 20, na sisi hapo hatujafika. Nataka nirudi niongoze kitengo hicho. Akaandika kwenye fomu: "Lengo: kazi ya kimataifa." Kozi ya London, nilipokuja kuisoma somo kwa somo, ilikuwa zaidi ya sera na fedha za miradi. Nzuri kwa anayetaka kukaa wizarani au kwenye mashirika. Mimi nataka bomba.

Hesabu nayo. Baada ya punguzo ilibaki ada ya pauni 27,000, kama milioni tisini hivi za kwetu. Fedha za kujikimu London zilikuwa pauni 1,483 kwa mwezi kwa miezi tisa, yaani 13,347 zionekane benki. Bado tozo ya afya, pauni 776 kwa mwaka. Nikamwambia sina. Akashauri niuze kiwanja. Kiwanja ninacho kimoja, na bado sijamaliza kukilipia! Dresden nilikuwa nalipwa mimi: euro 992 kwa mwezi, bima, nauli ya ndege, na kozi ya Kijerumani kabla ya masomo kuanza. Nilipomsomea hayo alisema tu kwamba vitu vya ufadhili vina masharti mengi, akarudi kwenye jedwali.

Kilichomnyang'anya nyota ya tatu ni mtoto. Niliuliza waziwazi: naweza kwenda London na mwanangu? "Kabisa, dada, anaingia kama tegemezi." Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeshaanza kumfundisha mtoto neno "baridi". Usiku nikasoma tovuti ya serikali ya Uingereza. Tangu Januari 2024, mwanafunzi wa uzamili wa kusoma darasani haruhusiwi kuleta tegemezi. Ningelipa amana ya chuo halafu ndiyo nijue! DAAD wao wana posho ya familia, ikiwa unatimiza vigezo vyao.

Siku ya nne nilimkuta dada wa mapokezi peke yake, anakula mihogo. Nikamuuliza kwa nini kila mtu hapa anasukumwa Uingereza. Akacheka. "Dada, Ujerumani hatuna mkataba na chuo hata kimoja." Nikakaa kwenye kiti. Mawakala hulipwa kamisheni na vyuo kutokana na ada ya mwanafunzi, na vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo. Kamisheni itoke wapi? Bure yangu ilikuwa imelipiwa na chuo cha London. Siwalaumu kwa kupata riziki, nawalaumu kwa kutosema mlangoni.

Ushauri wa kweli niliupata kazini, kwa mzee mmoja wa usambazaji aliyebakiza miezi michache astaafu. Hakugusa habari ya vyuo. Aliuliza, "Mwanangu, ukirudi kiti chako kitakuwepo?" Kesho yake nikaenda kwa meneja kuomba ruhusa ya masomo na barua ya kurudishwa kazini. Alivyosaini bila kuzungusha, hofu ya kupoteza kazi ikaisha, UDSM ikatoka kichwani na Dresden ikabaki.

Sitasema haikuuma. Siku niliyoandika kuikataa London nilifuta barua pepe mara tatu kabla ya kuituma. Jina lile kwenye wasifu lingenifungulia milango ambayo labda sitajua hata ilikuwepo. Na shangazi aliposikia aliuliza, "Dresden ndiyo wapi huko?"

Ukienda pale, nenda na nakala, vyeti halisi viache nyumbani. Changu cha chuo kilikaa kwenye droo yao wiki tatu. Na ujiandae kwa ujumbe. Nikiwa kwenye kozi ya Kijerumani huku, kaka wa suti ya bluu aliniandikia tena: "Dada habari, nafasi za Januari bado zipo, kile kiwanja umefikia wapi?"