Picha za kale za Yale, tumezisomea barazani Dunda

Nyota tano kwa huduma ya picha ya jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mimi ni mchoraji hapa Bagamoyo, nafundisha vijana wawili barazani kwangu, na mwezi huu wote tumesoma kwa picha zao. Unaingia kwenye tovuti, unaandika jina la mchoraji, na kazi za kale zisizo na hakimiliki tena unazipakua zikiwa kubwa, bila kulipa hata senti. Kinacholiwa ni bando. Mimi hupakua alfajiri, mtandao ukiwa mwepesi.

Tuliyoing'ang'ania ni ya Antonio del Pollaiuolo, mchoraji wa Florence, Italia, ya kati ya 1475 na 1480 hivi. Hercules, shujaa wa hadithi za Wagiriki, kavuta upinde ukingoni mwa mto. Nessus, nusu mtu nusu farasi, anamtorosha Deianira, mke wa Hercules, naye mwanamke kanyoosha mikono. Picha yenyewe haifiki mita moja kwa upana, lakini ikuze kwenye skrini uone mto unavyozunguka na kujikunja, na kule nyuma mji mdogo: ni Florence, kwenye bonde la mto Arno. Hadithi ya Wagiriki kaileta mtoni kwao!

Nikamwambia kijana wangu mmoja, ambaye kazi yake ni simba na twiga wa kuuzia watalii, "Na wewe Ruvu unao." Akakaa kimya, kisha akauliza, "Mwalimu, haya maji kaanza na giza au na mwanga?" Miaka miwili niko naye, hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo.

Picha za kale za Kiitalia kama hii zilifika chuoni kwa njia ya deni. James Jackson Jarves, Mmarekani mkusanyaji wa sanaa, aliweka rehani picha 119 kwa Yale mwaka 1868 kwa mkopo wa dola 20,000. Mwaka 1871 Yale wakazinunua kwa dola 22,000. Kwangu mimi ni bei ya bure.

Angalizo moja: msitegemee kuchapisha. Steshenari niliyokwenda walinitolea A3 ambayo ngozi ya Hercules imekuwa ya zambarau na mji umepotea gizani. Someni kwenye skrini, mwangaza ukiwa juu.

Wiki ijayo ni Bikira na Mtoto wa Gentile da Fabriano, rangi iliyokorogwa kwa yai, juu ya ubao. Mayai ya kienyeji nimeshaagiza, tujaribu kuikoroga wenyewe.