Taa za kruzi na sanduku la Monymusk, Makumbusho ya Taifa ya Scotland, Edinburgh

Kiingilio bure. Kilichonivutia zaidi ni kruzi, taa ya chuma: vibakuli viwili vyenye mdomo, kimoja juu ya kingine. Cha juu kilitiwa mafuta ya maini ya samaki na utambi wa kiini laini cha nyasi za bwawani. Cha chini kilidaka matone. Angalia meno ya kishikio. Mafuta yakipungua, kibakuli cha juu kilisogezwa jino moja mbele, kikainama, mafuta yakaufikia utambi. Utambi ukichomoza mno, taa ilifuka moshi.

Usilipite pia sanduku la Monymusk, kisanduku cha kuhifadhia masalia ya mtakatifu, la karne ya 8, upana sentimita 11 hivi: mbao zilizovikwa fedha na bronzi. Inama karibu kabisa. Wanyama wake wamechorwa juu ya usuli wa vitone vidogo mno.